Kisu Kisichokunywa Chai

Asubuhi nyumbani kwa Babu Kipriani, katika kijiji kimoja jirani na Makere, haikuanza kwa jogoo. Ilianza kwa makofi. Mzee alitoka nje na blanketi lake mabegani, akasimama mbele ya mgomba wa kwanza, akainama kidogo, akapiga makofi ya taratibu kama Waha wanavyomsalimu mkwe. Kisha akasema, "Mwakeye!"

Mgomba haukujibu. Babu alisubiri kidogo, kama mtu mwenye adabu zake, halafu akaenda kuusalimu wa pili.

"Babu, yote utaisalimu?" Therese aliuliza huku akifagia uwanja.

"Sasa nibague? Huu niusalimu, ule niupite? Kesho ule utaninyima ndizi, nawe utasikia bibi yako anavyolalamika."

Therese alikuwa darasa la sita. Mama yake aliuza mitumba Kibondo na kuja nyumbani mara moja moja, kwa hiyo Therese alilelewa na babu na bibi, na kwa kiasi fulani alilelewa na migomba. Ndizi zilikuwa chakula chao cha mchana, na zilizobaki ndizo zilizogeuka sare ya shule, chumvi na sabuni. Akishamaliza kufagia, kazi yake ilikuwa kuleta kisu cha Babu, kisu kirefu chembamba, mpini wake umezungushiwa raba ya baiskeli. Lakini kisu hicho hakikwenda shambani moja kwa moja. Kilipita jikoni kwanza. Bibi alisogeza sufuria, Therese akakilaza kisu juu ya makaa, akakigeuza upande wa pili, mpaka ukikitemea mate kinafoka.

"Kisu kimekunywa chai?" Babu aliuliza.

"Kimekunywa, Babu."

"Na sukari?"

"Sukari imekwisha."

"Basi kitavumilia, si kama mimi."

Desturi hiyo waliletewa na bwana shamba. Bwana shamba mwenyewe alikuwa mwanamke, Firdausi, mzaliwa wa Kasulu mjini, mwenye hijabu, buti za mvua na pikipiki inayokohoa. Watu walimwita bwana shamba hivyo hivyo, naye aliitika, maana alishachoka kuwasahihisha. Aliwaambia kwenye mkutano wa kijiji kwamba kuna ugonjwa wa migomba uitwao mnyauko, na kwamba unapenda sana kusafiri kwa kisu. Ukikata mgomba mgonjwa, kisha ukakata mzima kwa kisu hicho hicho, umeshauambukiza. Kwa macho kisu kitang'aa, lakini ugonjwa umo. Dawa yake ni moto, kabla hujaanza kazi na kila unapotoka shamba moja kwenda lingine. Wengi walisikiliza, wakapiga makofi, wakarudi kwenye visu vyao kama kawaida. Babu Kipriani peke yake ndiye aliyeanza kukipa kisu chai.

Mwaka huu mvua za kwanza zilipoanza, Babu alianza kukohoa. Alisema ni mafua tu, akaendelea na makofi yake. Baadaye akawa anasalimu nusu ya shamba. Baadaye akawa anasalimu akiwa mlangoni, kwa jumla, kama mwalimu mkuu anavyosalimu wanafunzi mstarini. Siku aliyoshindwa kuinua mikono, Bibi na jirani yao Mzee Venanti walitafuta gari wakampeleka hospitali. Daktari alisema ni homa ya mapafu, na kwamba mgonjwa amecheleweshwa. Babu alirudi nyumbani akiwa amefunikwa shuka jeupe.

Siku ya mazishi uwanja ulijaa watu mpaka barabarani. Mikeka ilikuwa michache, na pale kijijini, mikeka ikiisha watu hukalia majani ya migomba. Vyungu navyo hufunikwa kwa majani hayo hayo. Kila penye msiba watoto hutumwa kuzunguka mashamba ya majirani kukata majani, na hakuna jirani anayewanyima. Kumnyima mfiwa jani la mgomba ni aibu ambayo mtu hukumbushwa mpaka uzeeni.

"Therese, kamata kisu!" Shangazi aliita, sauti imekauka kwa kulia. "Nenda na Prince, mlete majani mengi. Watu wanakaa kwenye tope!"

Prince alikuwa mwanafunzi mwenzake, mvulana mwenye maneno mengi. Walianzia kwa Mzee Venanti. Mzee alisimama kwenye kona ya shamba lake, kofia mkononi, akionekana kama mtu anayetaka kusema jambo.

"Chukueni, wanangu," alisema mwishowe. "Chukueni... ila huku mbele mbele. Kule nyuma hakuna majani mazuri."

Therese alitupa macho kule nyuma. Aliona migomba mitatu minne yenye majani ya njano, yamevunjika kiunoni na kuning'inia kama miavuli iliyopigwa na upepo. Wakati mwingine angeuliza. Lakini macho yake yalikuwa yamevimba, na kichwani mwake hakukuwa na nafasi ya migomba ya mtu. Walikata ya huku mbele, wakabeba mzigo mmoja, nao haukutosha.

"Tumalizie kwenu," Prince alisema.

Therese alisimama. Alilikumbuka swali la Babu waziwazi, kana kwamba mzee amesimama nyuma yake. Akaangalia jikoni. Mafiga yote yalizungukwa na wanawake na vyungu vikubwa, moshi umetanda, mmoja analia, mwingine anakoroga ugali. Apite vipi hapo katikati na kisu mkononi, aseme anataka kukinywesha chai? Wangesema mtoto amechanganyikiwa.

"Therese! Majani!" Shangazi aliita tena.

Alikifuta kisu kwenye sketi yake, upande huu na upande huu. Kiling'aa. Akaingia kwenye safu ya kwanza, iliyo karibu na pale lilipochimbwa kaburi, akakata.

Wiki zilipita. Ndugu walirudi makwao, mama yake akarudi Kibondo, nyumba ikabaki na watu wawili na kiti kitupu. Asubuhi moja Therese alikuwa akifagia, akainua macho, na ufagio ukamtoka mkononi. Jani moja katika safu ya kwanza lilikuwa njano. Lilikuwa limevunjika kiunoni, likining'inia kama mwavuli.

Alijua. Hakuhitaji kuambiwa na mtu. Lakini kujua ni kazi moja, na kusema ni kazi nyingine ngumu zaidi. Angemwambiaje Bibi, ambaye bado alikuwa akipakua ugali wa watu watatu kwa kusahau? Kwa hiyo Therese alichukua kisu, akalikata lile jani la njano, akalificha chini ya takataka. Alijisemea kwamba ameuondoa ugonjwa, kama mtu anavyokata kucha yenye uchafu. Kesho yake likaonekana jingine la njano kwenye mgomba wa pili. Akalikata nalo. Halafu la mgomba wa tano. Akawa anaamka mapema kabla Bibi hajatoka, anazunguka na kisu, anakata, anaficha. Na jikoni hakupita hata siku moja, kwa sababu Bibi alikaa pale pale motoni, na angeuliza anaenda kukata nini.

"Wewe unainyoa migomba kipara?" Prince alimtania walipokuwa wakienda shule. "Zamani ilikuwa na nywele, sasa imebaki na fimbo."

"Napunguza majani. Shamba likipata hewa linazaa vizuri."

"Haya, mama kinyozi."

Bibi ndiye aliyemwumiza zaidi, na alimwumiza kwa wema. Jioni moja alimpakulia kipande kikubwa cha samaki na kusema, "Nakuona unavyoamka na kisu cha babu yako. Wengine walisema shamba litakuwa pori. Mimi nikawaambia, Therese yupo." Therese aliinamisha kichwa.

Ikafika siku ya kumaliza matanga. Bibi alikuwa na mkungu mmoja aliouwekea akiba, mkungu wa mgomba wa mwisho kupandwa na Babu kwa mikono yake. Alitaka ndugu waliokuja wale ndizi hizo, ili Babu awe amewalisha mara ya mwisho. Aliukata mwenyewe, ukaletwa uwanjani. Ulikuwa wa ajabu. Vidole vingine vimeiva njano, vingine bado vibichi kabisa. Bibi akachukua ndizi moja, akaimenya, akaikata katikati. Ndani ilikuwa na rangi ya kahawia, kama msumari uliolala mvuani.

Akakata ya pili. Ikawa vile vile. Akakata ya tatu, halafu akakiweka kisu chini, akakaa juu ya gogo.

Watu walisogea kutazama. Shangazi akaanza kusema kuna mtu ana jicho baya, akatazama upande wa kwa Mzee Venanti, lakini Bibi alimkatisha kwa mkono.

"Acha. Hakuna jicho hapo. Kipriani aliisalimu migomba hii kila siku ya Mungu. Sasa hasikiki. Migomba inamlilia mwenyewe, basi. Tuiache ilie."

Akasema hivyo kwa upole, na usoni mwake ikaja nafuu ambayo Therese hakuwa ameiona tangu msiba. Tangu siku hiyo Bibi alikuwa akikaa uwanjani jioni, akiitazama migomba inavyonyauka mmoja mmoja, na kusema, "Angalia ule nao, maskini. Nao umemkumbuka." Firdausi alipita kijijini na pikipiki yake, Bibi akamwambia kwetu hatuna tatizo, tuna huzuni tu.

Therese alikuwa akisikia maneno hayo na kuona dunia inambana. Akinyamaza, Bibi atabaki na faraja yake, lakini ugonjwa utashuka mpaka migomba ya upande wa bondeni, ambayo ilikuwa bado mizima, na hapo hakutabaki kitu. Akisema, ataokoa kilichobaki, lakini atamnyang'anya Bibi kitu pekee kinachomfariji.

Alisema mchana mmoja, jikoni, walipokuwa wakichambua maharage. Hakupanga. Maneno yalitoka tu, kama mtu anayetapika.

"Bibi, haimlilii Babu."

"Nini hiyo?"

"Migomba. Haimlilii Babu. Inaumwa. Ni mimi."

Bibi aliendelea kuchambua maharage, lakini mkono ukaanza kuokota mabovu na kuyaweka pamoja na mazima. Therese akamweleza yote: majani ya kwa Mzee Venanti, mafiga yaliyojaa watu, sketi, jani la njano la kwanza, na asubuhi zote zilizofuata.

"Siku ile ya mazishi," Bibi aliuliza taratibu, "kisu hakikunywa chai?"

"Hakikunywa, Bibi."

"Na asubuhi zile zote?"

"Hata siku moja."

Bibi alifunika uso kwa kanga. Mabega yakatikisika. Therese alitaka kumgusa akaogopa, akakaa na mikono yake mapajani kama mgeni. Mwishowe Bibi akaufunua uso.

"Nilikuwa najua," alisema. "Si kwamba ni wewe. Nilijua kwamba migomba hailii. Mimi ni mkulima, nisijue? Lakini ilikuwa inanisaidia." Akajifuta. "Haya. Nenda kamwite bwana shamba. Kimbia."

Firdausi alikuja siku hiyo hiyo. Alikwenda kwenye mgomba mmoja wa safu ya kwanza, akakata shina lake, akawaambia wasubiri. Baada ya kitambo kidogo mahali palipokatwa pakaanza kutoka ute wa njano, mzito kama usaha wa kidonda. Prince, ambaye alikuwa amekuja bila kualikwa, akarudi nyuma.

"Na sisi utatupata?"

"Huu haumpati mtu. Huu ni wa migomba tu," Firdausi alisema. "Lakini ndani ya ute huo mna bakteria wengi kuliko watu wote wa Kigoma. Huwaoni. Mnafikiri bakteria wote ni wabaya? Mihogo mnayoivundika bondeni, nani anailainisha? Ni vijidudu vingine, vinawafanyia kazi bure na hata asante hamsemi. Hawa wa mnyauko ndio wakorofi. Nao hawana miguu. Wanasubiri kisu kiwabebe, kama vijidudu vya kipindupindu vinavyosubiri mkono usionawa."

Akamgeukia Therese. "Ulidhani ukikata jani la njano unaondoa ugonjwa?"

"Ndiyo, shikamoo... ndiyo, bwana shamba."

"Ulikuwa unautembeza. Kila asubuhi, nyumba kwa nyumba, kama mtu anayegawa kadi za harusi."

Hakumkaripia zaidi ya hapo. Alipita shamba zima, akafunga utepe mwekundu pale ugonjwa ulipoishia. Juu ya utepe kila mgomba ulipaswa kung'olewa na visiki vyake, na usipandwe mgomba mpya hapo mpaka msimu upite na ardhi isafike. Chini ya utepe, upande wa bondeni, kulikuwa na migomba kumi na moja mizima.

Walipokuwa bado wamesimama, Mzee Venanti aliingia uwanjani, kofia mkononi, kama siku ile ya mazishi.

"Shemeji," alimwambia Bibi, "nimesikia. Shamba langu lilikuwa linaumwa kabla ya lenu. Nililijua hilo. Nikaona aibu kusema, watu wasije wakaniita mchafu. Halafu watoto wakaja na msiba mkononi. Nitawanyimaje majani? Nikasema wakate huku mbele. Nilifikiri inatosha."

Bibi alimtazama. "Ungeninyima tu, Venanti. Ningekasirika mwaka mmoja, basi."

Mzee alivaa kofia yake, akaenda. Kesho yake alikuja na jembe na watoto wake wawili, na baada ya kung'oa kwa Bibi wakaenda wakang'oa kwake.

Lakini kabla jembe la kwanza halijashuka, Bibi aliwaomba wasubiri. Alikwenda mbele ya mgomba wa kwanza, ule wa karibu na kaburi. Akainama. Akapiga makofi ya taratibu. "Mwakeye," alisema. Akaenda wa pili, na wa tatu, mpaka kwenye utepe mwekundu, hakuuruka hata mmoja. Watu wazima walitazama chini. Kisha migomba ikaanza kuanguka, na kila ulioanguka ulitoa mlio mzito wa maji, na uwanja ukawa na mwanga mwingi mno, kama nyumba iliyoezuliwa paa.

Jioni hiyo Bibi alimwita Therese wakae kwenye gogo.

"Nikuambie jambo, usilisahau ukishakuwa mtu mzima," alisema. "Siku ya mazishi ulikosea. Ulikuwa mtoto mwenye msiba, moto umejaa watu. Kosa hilo ningekusamehe jua halijazama, na tungepoteza safu moja. Shamba halikuliwa na siku ile. Limeliwa na asubuhi zile za kuficha. Na babu yako vile vile. Kikohozi cha kwanza kingetibika. Alikificha kwa makofi na mizaha, mimi nikamsaidia kukificha kwa sababu sikutaka kuogopa. Ugonjwa, uwe wa mtu au wa mgomba, unapenda sana nyumba yenye siri."

Therese alilia, Bibi akamwacha alie, safari hii akiwa amemshika bega.

Msimu ule walipanda maharage mahali palipokuwa na migomba. Wakala ugali wa muhogo mchana na jioni, na sare ya Therese ikawekwa kiraka. Mvua nyingine zilipofika, Firdausi alilipima shamba kwa macho akasema sasa wanaweza kupanda tena. Mzee Venanti alisafiri mpaka Busunzu kwa dada yake, akarudi na machipukizi ya migomba mizima, akayagawa sawa kwa sawa, ya kwake na ya Bibi.

Asubuhi ya kupanda, Bibi alisimama penye shimo la kwanza, karibu na kaburi.

"Kisu kimekunywa chai?"

"Kimekunywa, Bibi."

"Na wewe? Huna la kuniambia leo?"

Therese alisitasita. Akachezesha mguu kwenye udongo.

"Nimevunja kikombe chako kile cha maua. Sasa hivi, nilipokuwa naharakisha kisu."

Bibi alimkodolea macho. Halafu akaanza kucheka, kicheko cha kwanza tangu Babu aondoke, mpaka akashika mpini wa jembe asianguke. Machozi yalikuwepo pia, ila hayakumzuia.

"Umeona?" alisema, akifuta macho kwa kanga. "Umesema leo leo, kimevunjika kimoja tu. Haya, lete chipukizi."